Asubuhi Pikipiki Ilipokataa Kuwaka

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Zakaria kule Nyakakika, na karibu kila aliyesimama kumsifu alisimulia habari ya pikipiki. Mchungaji aliisimulia. Mzee wa kanisa aliisimulia. Hata mjukuu wake, kijana wa chuo mwenye miwani, ambaye sidhani kama amewahi kupiga kiki maishani mwake, alishika kipaza sauti akaisimulia kana kwamba alikuwepo: jinsi babu yake, mkewe akiwa anavuja damu, alivyoletewa chupa ya pombe ili pikipiki iwake, akaikataa mbele ya watu wote, akamchagua Mungu. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, mstari wa mbele kwa heshima ya mvi zangu, na hasira ilinitetemesha mpaka mama aliyekaa kando yangu akaniuliza kama nasikia baridi. Nikamwambia ndiyo, nasikia baridi. Akavua kitenge chake akanifunika mabegani. Mama huyo ni Yunisi, binti wa marehemu, aliyezaliwa asubuhi ile ile wanayoisimulia. Naye alikuwa ameitikia amina.

Nimefikia umri ambao mtu anaweza kusema analotaka na hakuna wa kumfanya kitu, lakini nilinyamaza. Nilikula wali wa msiba, nikapanda gari nikarudi nyumbani Kayanga, na tangu siku hiyo silali vizuri. Kwa hiyo naandika, na mjukuu wangu anachapa. Pikipiki ile ilikuwa mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyekuwa dereva wake na fundi wake mwaka ule, na mimi ndiye niliyesimama uani nikiwa na plagi mkononi wakati chupa inakataliwa. Wote waliosimama kusifu walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa mgongoni mwa mama zao.

Nilifika Nyakakika mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nina miaka ishirini na moja, nimeletwa na misheni kwa kazi hiyo moja. Nilikuwa nimejifunza kwenye gereji ya Mhindi mmoja Bukoba mjini, akanipa cheti, na nilijiona fundi kweli kweli. Habari za wazee wangu haziingii hapa. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya jeshi, ya pistoni moja, masalia ya vita, yenye kigari cha pembeni cha kubebea mtu au mizigo. Watu waliiita Kikohozi, na hawakuisingizia. Vijana wa siku hizi wanabonyeza kidole, chombo kinanguruma, wanaondoka. Hawajui kwamba kuwasha pikipiki ya zamani asubuhi ya baridi ilikuwa kazi ya kubembeleza. Unafungua koki ya petroli. Unabonyeza kitufe cha kabureta mpaka petroli ikuloweshe kidole. Unarudisha nyuma wenzo mdogo wa kuchelewesha cheche ulio kwenye usukani, maana ukiusahau, kiki inarudi kwa nguvu na kukuvunja kifundo cha mguu. Kisha unapiga kiki, unapiga tena, unavua koti, unapiga tena. Na ikiwaka bado hujapona. Ukiongeza moto kabla injini haijapata joto, inameza mate, inapiga chafya kwenye kabureta, inazima. Inabidi uiache ingurume polepole kwa muda wa kuchemsha chai, ndipo ivute. Mwalimu Zakaria hakutaka kabisa kusikia habari hiyo. "Unachoma mafuta ya Bwana bure," aliniambia tangu wiki ya kwanza. Kwa hiyo tuliondoka kila asubuhi chombo kikikohoa, na kwenye mpando watoto wa shule walitupita kwa miguu wakitushangilia.

Mwalimu alikuwa mwinjilisti wa mtaa ule, mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, kola yake nyeupe hata siku za matope. Alikuwa miongoni mwa waliookoka. Asiyezijua siku zile namwambia hivi: waliookoka walikutana kila Jumapili baada ya ibada, na mtu alisimama mbele ya wenzake akataja dhambi zake kwa majina, wenzake wakamkumbatia na kuimba. Hawakugusa pombe. Katika nchi yetu ya migomba, ambako rubisi ya ndizi ndiyo harusi, ndiyo msiba, ndiyo asante ya jirani aliyekusaidia kulima, jambo hilo halikuwa dogo. Wengine waliokoka kweli. Niliwaona wakirudisha mbuzi walioiba na kuwaomba radhi wake zao waliowapiga. Mwalimu mwenyewe hakuwa mwongo, na hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Angekuwa mwongo ningemsahau zamani.

Nililala kwenye stoo iliyopakana na jiko, mimi na pikipiki chumba kimoja, kitanda changu upande huu na Kikohozi upande ule, katikati magunia ya kahawa. Paa lilikuwa la nyasi. Wakati wa mvua ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia humo ndani, na asubuhi nikiifuta pikipiki kitambaa kilitoka kimelowa. Kati yangu na jiko kulikuwa na ukuta wa matete tu. Kwa hiyo niliishi kwa masikio: nilisikia kuni zikivunjwa, nilisikia ndizi zikimenywa, na nilisikia Mama Kokuteta akiongea peke yake na vyungu vyake. Huyo alikuwa mke wa Mwalimu. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti nzito kuliko ya mumewe, na alipenda utani kuliko mke yeyote wa mwinjilisti niliyepata kumjua. Alinipa chakula miezi kumi na hakuna siku aliyonipimia. Ndizi na maharage zikiiva katika sufuria moja, zimefunikwa kwa majani ya mgomba. Msimu wa senene ukifika, senene wa kukaanga ndani ya kibakuli cha bati. "Kula, Rwegasira," alikuwa akisema, "maana kesho utapiga kiki mpaka mafuta yote ya mwili yaishe, na ya Bwana yabaki kwenye tangi." Alijua hali ya pikipiki kwa kuisikia tu. Akiwa jikoni alipaza sauti: "Leo ni plagi!" au "Leo umeizamisha, pumzika kwanza!" Mara nyingi alikuwa sahihi, jambo ambalo liliniudhi kwa sababu ya kile cheti changu cha Mhindi.

Aliyenipa dawa ya Kikohozi alikuwa Mama Nyamwiza, mjane aliyeishi bondeni karibu na kijito. Alikuwa anakeneka enkonyagi, ile pombe kali inayotoka kwenye rubisi ikichemshwa, ambayo serikali ya Waingereza ilikuwa inaikamata na waliookoka wanailaani. Siku moja pikipiki ilinizimikia mbele ya nyumba yake, akatoka akanitazama nikihangaika, mikono kiunoni. Marehemu mumewe alikuwa ameendesha pikipiki kama hiyo jeshini. "Hiyo imelowa umande tumboni," akasema. "Mume wangu alikuwa akiiosha plagi kwa hii na kuiwasha moto. Halafu anapangusa humo ndani mwa magneto. Maji yote yanakimbia." Akaniletea kidogo ndani ya kikombe. Nikafungua plagi, nikaichovya, nikaiwasha kibiriti; ukawaka moto wa buluu usio na moshi, na plagi ikabaki kavu, safi, ya moto. Petroli haifanyi hivyo, petroli inaacha masizi. Nikapangusa platini za magneto, pale cheche inapozaliwa, kwa kitambaa kilichochovywa humo humo. Kiki mbili, ikawaka. Na la ajabu zaidi, ilivuta. Mpando wa shule, ambao watoto walikuwa wakitupita, niliupanda kwa gia ya pili bila kigugumizi. Tangu siku hiyo nilikuwa na kichupa ndani ya sanduku la spana, nimekizungushia kitambaa. Sikuonja hata tone. Mama Kokuteta alijua, maana harufu ilipita kwenye matete. Asubuhi ya kwanza alikohoa kidogo kule jikoni, akasema, "Naona kuna mtu ananyonya huko stoo, na sidhani kama ni Rwegasira."

Kufikia Februari Mama Kokuteta alikuwa mjamzito wa miezi saba, na utani ulikuwa umepungua. Jioni moja nilikuwa kitandani nikila karanga, nikamsikia anamwambia mumewe jikoni, taratibu, kwa lugha ya nyumbani. Alimkumbusha kwamba mara mbili alizozaa, kondo la nyuma lilichelewa na damu ikatoka nyingi, na mara ya pili ilibaki kidogo afe. Aliomba aende mapema kwa shangazi yake aliyekaa jirani na hospitali ya misheni, upande wa Kayanga, asubiri huko. Kutoka kwetu ilikuwa nusu siku kwa machela. Kwa pikipiki, ikiwa na afya, saa moja na nusu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, hilo namshuhudia. Kisha akasema, "Na nyumba nimwachie nani? Wageni wa Pasaka wapokelewe na nani? Pikipiki ipo, Kokuteta. Bwana ametupa chombo kwa ajili ya mambo kama haya." Nikasikia mwiko unagonga sufuria. "Kama ipo, basi ipo," akasema mkewe.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu mwenyewe, maana siyo haki nimkasirikie maiti nikajiacha mimi. Mwezi wa tatu kulikuwa na mkutano mkubwa wa waliookoka, watu walitoka Rugera na mbali zaidi, na kanisa lilijaa mpaka nje. Waliimba asubuhi hadi adhuhuri. Mmoja baada ya mwingine alisimama, akatubu, akakumbatiwa, na mimi niliyekuwa mgeni wa watu wote katika mtaa ule, niliyekula peke yangu stoo na kuitwa "dereva" badala ya jina langu, nilitamani kukumbatiwa. Ndiyo hivyo tu. Ningependa kuandika kwamba Roho alinigusa, lakini nimeapa niandike ukweli. Nilisimama nikasema kwamba nimeficha enkonyagi ndani ya sanduku la spana la misheni. Vilio vya furaha vikalipuka. Mwalimu mwenyewe alinikumbatia, machozi yakimtoka, na kundi zima likanisindikiza stoo kwa nyimbo. Nilikitoa kichupa. Walikimwaga kwenye shina la mgomba nyuma ya jiko wakiimba. Mama Kokuteta alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mkono mmoja juu ya tumbo. Watu walipotawanyika aliniuliza, "Na pikipiki nayo imeokoka?" Nikacheka. Yeye hakucheka. "Nakuuliza wewe, Rwegasira. Siku yangu ikifika, itawaka?"

Nilimjibu, "Itawaka, Mama." Nilijua magneto ile imechoka, nilijua mvua za masika zimeanza, na nilijua kila asubuhi ya wiki iliyotangulia iliwaka kwa sababu ya chupa. Lakini nilikuwa bado nina joto la kukumbatiwa, nikasema itawaka. Sijawahi kusema neno jepesi kama lile likaja kuwa zito hivyo.

Siku yake ilifika wiki tatu baadaye. Mtoto alizaliwa kabla ya mapambazuko, nilimsikia akilia kupitia matete, na nikakaa kitandani nikamshukuru Mungu. Kisha sauti za wanawake zikabadilika. Kulipopambazuka mkunga, bibi mmoja wa jirani, alitoka nje akimtafuta Mwalimu, mikono yake imelowa mpaka kwenye viwiko. "Mtoto mzima, ni msichana. Kondo limekataa," akasema. "Na damu haikati. Apelekwe sasa hivi, waitu jamani, sasa hivi." Wanaume wa jirani walikuwa wamekwisha kuja na machela, kama ilivyo desturi, mtu akizidiwa, kila nyumba hutoa bega, hata nyumba zilizokuwa zimegombana na waliookoka juu ya rubisi. Mwalimu aliwaambia, "Asanteni, ndugu zangu. Tunacho chombo chetu." Aliyasema kwa upole na kwa fahari. Wakaiweka machela chini, wakasimama kando ya uzio kutazama.

Tukamlaza Mama Kokuteta ndani ya kigari cha pembeni, juu ya majani makavu na mablanketi. Ukungu ulikuwa mzito, migomba ya uani haikuonekana. Nilipiga kiki ya kwanza nikajua. Fundi anajua. Ilikuwa inazunguka bila cheche, injini nzito, oili imeganda kwa baridi, magneto imejaa maji. Nilipiga kiki mpaka goti likaanza kucheza lenyewe. Nilifungua plagi nikakimbia nayo jikoni, nikaichoma kwenye makaa, nikairudisha ikiwa ya moto mpaka ikaniunguza vidole. Ikapiga mara moja, puh, ikafa. Plagi haikuwa shida peke yake. Maji yalikuwa ndani ya magneto na hakuna kitu pale nyumbani cha kuyafukuza. Nilipangusa kwa kitambaa kikavu, lakini hewa yenyewe ilikuwa maji. Mwalimu alikuwa amesimama anaomba kwa sauti. Nilikuwa nimeichomoa plagi tena, nimeishika, ndipo nikamwona Mama Nyamwiza anaingia uani.

Alikuwa ameisikia pikipiki ikikohoa toka kule bondeni, akaelewa. Alipanda mlima ule mbio, mwanamke wa umri ule, na chupa aliibeba mkononi, wazi, bila kuificha. Hakumsalimu mtu. Alinijia mimi moja kwa moja. "Chukua, mwanangu, fanya upesi." Mwalimu akaja akasimama kati yetu. Hakumsukuma, hakupaza sauti. "Mama, rudi nayo," akasema. "Sisi tulikwisha kuimwaga hiyo mbele za Mungu. Siwezi kumkabidhi mke wangu kwa Bwana kwa mkono wa shetani." Mama Nyamwiza akamtazama kama mtu anayetazama mwendawazimu. "Shetani gani? Mimi nakupa kitu cha kupangusia chuma!" Akageukia kwenye uzio. "Nyie wanaume, hamsemi?" Wale wa machela walitazama chini, kwa sababu uani kwa mtu ni kwake. Ndipo sauti ikatoka ndani ya kigari, ndogo, lakini wote tuliisikia. Mke wake hakuwahi kumwita kwa jina, kwetu mke hafanyi hivyo. Alimwita Mwalimu mchana na usiku. Asubuhi ile alisema, "Zakaria. Mwache aweke."

Mwalimu alifumba macho. Midomo yake ilicheza. Nimezipitia mara nyingi sekunde zile, na nasema wazi kwamba chupa ilikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nilikuwa kijana mwenye nguvu. Ningemsukuma akaanguka kwenye matope na kola yake nyeupe, ningechovya plagi, ningepangusa platini, na kabla hajanyanyuka pikipiki ingekuwa inanguruma. Wangenifukuza kazi, na kisha? Lakini nilisubiri aniruhusu. Alifumbua macho akasema, "Isukumeni kwenye mteremko. Bwana ataiwasha." Na mimi nikairudisha plagi ikiwa imelowa, nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Mama Nyamwiza alikaa chini pale pale uani akaanza kulia, mtu yuko hai bado.

Tulisukuma. Wanaume sita walisukuma, nikaachia klachi katikati ya mteremko, gurudumu likaburuzika, ikapiga, ikakosa, ikapiga tena, na kwenye daraja la kijito ikawaka. Nyuma yangu walishangilia, na Mwalimu aliyekuwa amepanda kiti cha nyuma akasema haleluya. Ilikuwa inawaka kwa mlipuko mmoja ukiruka miwili. Mbele yetu ulikuwa mpando wa shule. Ningeisimamisha hapo darajani ipate joto, lakini ikizima nani aisukume kwenda juu? Nikaanza kupanda. Niliongeza moto taratibu, ikameza, nikapunguza, ikaendelea, nikaongeza tena, ikapiga chafya, mwali mdogo ukatoka kwenye kabureta. Gia ya kwanza, mwendo wa mzee mwenye fimbo. Upande wangu wa kushoto, chini kidogo, uso wa Mama Kokuteta ulikuwa na rangi ya majivu. Alifumbua macho akaniangalia. "Inapanda?" akauliza. Nikamwambia, "Inapanda, Mama." Tulikuwa tumesimama. Gurudumu lilikuwa halizunguki tena, klachi ndiyo ilikuwa inalia, na kwenye kona ya kwanza injini ilizima na haikuwaka tena siku ile.

Wanaume walitufikia na machela. Walimhamisha, wakamfunga, wakaondoka karibu mbio, wakipokezana. Nilikimbia nao. Sijui kama machela ingemwokoa hata kama ingeondoka alfajiri, wala sijui kama pikipiki nzima ingemfikisha. Mganga mmoja wa hospitali niliyemweleza miaka mingi baadaye alisema pengine, na neno hilo pengine nimelibeba mpaka leo. Alikata roho kabla hatujafika kileleni. Tulijua kwa sababu aliyekuwa amebeba upande wa kichwa alisimama ghafla, na wengine wote wakasimama.

Jumapili iliyofuata Mwalimu alisimama mbele ya waliookoka akatoa ushuhuda. Alilia. Alisema Bwana alimjaribu kwa kitu alichokipenda kuliko vyote na hakuinama. Watu walimkumbatia kwa zamu, mstari ulifika mlangoni. Nakubali kwamba uchungu wake ulikuwa wa kweli. Nilimsikia kupitia matete, jiko halina mtu, akipekua vyombo kutafuta chumvi ambayo hakuwahi kujua inawekwa wapi. Kwa miezi kadhaa nilijitahidi kumhurumia. Nilijiambia mtu huyu ana imani ambayo mimi sina, imani iliyomgharimu mkewe, na mtu aliyelipa vile huwezi kumdharau. Nilibaki pale kwa sababu hiyo. Magneto ilikuwa ile ile. Asubuhi ikikataa niliisukuma, na kama hakuna mteremko wa kutosha tulikwenda kwa miguu, na Mwalimu hakulalamika hata siku moja.

Kisha kikaja kiangazi, mwezi wa saba, wakati asubuhi za Karagwe zina baridi ya kuuma meno na umande unalala juu ya kila kitu. Mkuu mmoja wa misheni alikuja kutoka Bukoba, akalala kwetu, na asubuhi alitakiwa kufikishwa Kayanga kwenye mkutano, ambako Mwalimu naye alitakiwa kuhubiri mbele ya watu wa mitaa yote. Mgeni alikuwa ndani anakunywa chai. Nilipiga kiki hadi nikalowa jasho. Mwalimu alitoka, akatazama barabara, akatazama saa ya mfukoni, akarudi ndani, akatoka tena. Mara ya tatu alikuja mpaka karibu yangu, akainama kama anakagua tairi. Alinena kwa sauti ya chini, na hakunitazama usoni. "Nenda kwa yule mama wa bondeni. Pitia huku nyuma ya migomba, usipite mbele ya kanisa."

Nilisimama nakitazama kisogo chake. Kuna maneno nimeyatunga kwa zaidi ya miaka hamsini ya kumjibu asubuhi ile, mengine makali, mengine ya matusi ambayo mjukuu wangu hawezi kuyachapa. Sikutamka hata moja. Nilisema, "Ndiyo, Mwalimu," nikapitia nyuma ya migomba. Mama Nyamwiza alikuwa anafagia uwanja wake. Aliponiona akaacha ufagio ukaanguka, akakimbilia ndani bila kuuliza, akatoka na chupa. "Nani anaumwa?" akasema. Nikamwambia hakuna anayeumwa, ni mkutano. Akaishika chupa shingoni. Nilifikiri atanivunjia nayo kichwani, na ningeona haki. Halafu akaniwekea mkononi. "Chukua," akasema. "Mimi sijaokoka, siwezi kumnyima mtu."

Nilichovya plagi, nikaiwasha, moto wa buluu. Nilipangusa platini. Iliwaka kwa kiki ya kwanza. Mgeni alitoka akipangusa midomo, akapanda nyuma yangu, Mwalimu akakaa kwenye kigari cha pembeni akiwa na Biblia magotini, pale pale alipolazwa mkewe. Hakuniambia habari ya mafuta ya Bwana; aliniacha niipashe joto vizuri, akangoja. Tuliteremka, tukavuka daraja, nikaingia gia ya pili, na Kikohozi ikaupanda mpando wa shule bila kukosa hata mlipuko mmoja. Tulipofika kwenye ile kona ya kwanza mgeni aliinama akamwambia Mwalimu kwa sauti ya kushinda injini, "Chombo chenu hiki kina nguvu, ndugu!"

"Ni neema ya Bwana tu," akajibu Mwalimu, na mimi nikaongeza moto.